Magurudumu ya Kubebea Maharusi

Huguette huvua viatu kabla ya kushika usukani. Watu humcheka, lakini yeye anasema mguu mtupu ndio unaosikia gari linataka nini. Viatu vyake ni vya kisigino kirefu, maana ni mwanamke anayependa kupendeza. Huviweka chini ya kiti, na akifika mlango wa kanisa huvivaa tena upesi kabla ya kwenda kumfungulia bibi harusi mlango. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara moyo wangu husema asante. Bwiza, mtaa wetu hapa Bujumbura, ina parsele nyingi, nyua zenye vyumba vya kupanga. Yeye alibisha hodi kwangu, akapanga chumba.

Ni binti wa mzee Byamungu wa Uvira, mji ule wa Kongo ambao giza likiingia tunauona ukiwasha taa zake ng'ambo ya ziwa. Alikuja kumfuata kaka yake, Vainqueur, aliyekuwa akiuza vitenge hapa mjini. Vainqueur alikuwa kijana wa mbwembwe. Biashara ilipomkubali hakujenga nyumba. Alinunua gari, la buluu iliyokolea, milango minne kama gari la mtu mzima, lakini la chini, la kispoti, na injini yake ilinguruma kama mashine ya kusaga iliyoshiba mahindi. Usukani uko kulia, kama magari yote yanayotujia kupitia Dar. Gari lilikuja na magurudumu yake ya kawaida. Vainqueur akayauza, akalivalisha mengine makubwa mno, yenye mapine membamba, membamba kweli, kama mkanda wa suruali uliozungushwa kwenye sinia. Yalipendeza, sitasema uongo. Kisha biashara ikamwita Lusaka, naye akamwachia dada yake funguo na neno moja tu: likulishe.

Gari lile lilianza kumlisha kwa bahati. Kulikuwa na ndoa nyumba ya jirani, na gari lililokodiwa halikufika. Bibi harusi amekaa kwenye kiti, shela limechanika, mama yake anazunguka uani kama kuku. Huguette akatoa sindano, akashona shela palepale, kisha akasema, "Basi mupande kwangu." Tangu siku hiyo akawa mtu wa kubeba maharusi. Ndani ya gari lake kuna kisanduku cha pini, uzi mweupe, poda, na vitambaa vya kufutia jasho. Akina mama walimpenda kwa sababu dereva mwanaume hawezi kumwinamia bibi harusi kumrekebishia gauni, watu watasema. Huguette anainama, anarekebisha, na hakuna wa kusema.

Mimi ananijua kwa njia nyingine. Goti langu la kushoto lilipokataa kazi, nilikaa nyumbani Jumapili kadhaa nikisikiliza kengele ya kanisa kutoka kitandani. Sikumwomba mtu. Jumapili moja mlango ukagongwa, nikamkuta amesimama na funguo mkononi. "Mama Ingrid, fanya haraka, misa haingoje goti." Hajaacha mpaka leo. Hata mafuta yalipopotea mjini, magari yamelala kwenye foleni za stesheni, alikuwa anabakiza kidogo ndani ya tanki. Kila aliyekuja kuomba apelekwe mahali alijibiwa, "Yaliyobaki ni ya Mama, ya Jumapili. Hayaguswe." Mtu akikutendea hivyo na si damu yako, utamlipa kwa nini? Unaandika habari zake, angalau.

Sasa nieleze kilichotokea, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mvua zilikuwa zimeharibu barabara. Kule Nyakabiga, karibu na kona ya duka la dawa, kuna shimo ambalo kila mwaka linajazwa udongo na kila mwaka linarudi. Siku hiyo lilijaa maji, halionekani. Huguette alikuwa amembeba bibi harusi wa watu, korteji nzima, msafara wa harusi, nyuma yake, magari yanapiga honi. Gurudumu la mbele likaingia shimoni. Pine ile nyembamba haikuwa na kifua cha kupokea pigo, na janti, ile duara ya chuma inayovalishwa pine, ikapasuka kama sahani. Gari likainamia upande huo, haliendi tena. Bibi harusi alimalizia safari katika gari la mpiga picha, amekunja gauni kati ya mifuko ya kamera.

Mambo kama hayo hapa mjini hayakai mahali yalipotokea. Kufika jioni, Bwiza yote ilikuwa inasema. Walisema gari ya yule Mukongomani imevunja ndoa, wakati ndoa ilifungwa vizuri na wale watoto wanaishi kwa amani mpaka sasa. Waliokuwa wamemshika kwa Jumamosi zilizofuata wakapiga simu mmojammoja, kila mmoja na sababu yake nzuri. Akabaki na ndoa moja tu mbele yake, ya Joëlla, mjukuu wangu.

Na hiyo nayo ikaanza kuyumba. Mume mtarajiwa, Bonfils, ni mtoto wa watu wazuri, na baba yake mkubwa, mzee Léonce, anakaa Kigobe na ana jipu, lile gari la kupanda milima, kubwa jeusi. Akatuma neno kwamba jipu liko tayari kumbeba bibi harusi. Binti yangu Ingrid, mama wa Joëlla, akaja kwangu na sauti ya chini.

"Mama, tukubali jipu ya Léonce."

"Huguette tumeisha kumwambia."

"Nayijua. Lakini pine ikapasuka tena, mbele ya wakwe, mi nitaweka uso wapi?"

"Weka nyuma ya uso wangu," nikamwambia. "Mi ndiye nasema Huguette atabeba. Ikipasuka, waangalie mimi."

Ingrid akafunga kitenge chake upya. Nilimlea mwenyewe, najua anavyokifunga akisema ndiyo na anavyokifunga akisema hapana. Hii ilikuwa katikati.

Huguette alikuwa anafua uani, kuta zetu ni nyembamba. Ingrid alipoondoka alikuja akasimama mlangoni, mikono ina povu.

"Mama, asante. Lakini mujue. Nikibeba Joëlla vizuri, watu watarudi. Nisipobeba, ama nikibeba vibaya, gari nauzisha. Kuna mutu ameisha kuniuliza. Nitarudia kazi yangu ya zamani, kuvukisha samaki ku mupaka."

"Basi tutafute magurudumu," nikasema.

"Tutafute? Na goti yako?"

"Goti halichagui magurudumu. Macho ndiyo yanachagua."

Mwandishi wa habari hii alikosea hapo, kama mtakavyoona. Macho peke yake hayatoshi.

Tukaenda Buyenzi, kwa Shakuru. Huko Buyenzi utapata kila kiungo cha gari, na Shakuru anauza janti za okazioni, zilizokwisha kutumika, zinazotoka ng'ambo. Zimetundikwa ukutani kuanzia chini mpaka juu, kama sinia katika duka la vyombo. Ni mtu wa kofia nyeupe na maneno mengi.

"Karibu Bibi, karibu dada. Dada, ile janti ya Nyakabiga nimeisha kuisikia. Pole."

"Hata weye?"

"Buyenzi tunasikia janti ikipasuka mbele ya mwenye gari."

Huguette alitaka kukasirika, akacheka. Akaonyesha ukuta. "Nataka za kung'aa. Bibi harusi anapigwa picha, janti nayo inapigwa."

"Ngoja kwanza," akasema Shakuru. "Janti haiko kiatu ya kuangalia rangi. Gari yako iko na bulo tano za kufungia gurudumu. Gari ingine nayo iko na tano, lakini zimekaribiana. Ukilazimisha, bulo inakaa upande, inakushikia siku moja tu." Akatushikisha tundu la katikati. "Hapa panakaa moyo wa gari. Tundu likiwa dogo, haliingie. Likiwa kubwa, gurudumu linatetemeka njia yote."

Nikamwambia hayo nimeyaelewa, ni kifuniko na sufuria. Akafurahi. Kisha akailaza janti kifudifudi, akapitisha ubao juu yake, akashusha rula ndani mpaka pale chuma kinaposhikana na gari. "Na hii ndiyo watu wanasahau. Kina. Kina kikiwa kirefu sana, pine inakula chuma cha ndani. Kikiwa kifupi, gurudumu linatokeza inje, kama mutu amekaa ku kiti kidogo na makalio yamebaki inje."

Tulicheka sote watatu. Laiti tungejua tunacheka nini.

Huguette alikuwa ameshaziona. Zilikuwa juu kabisa, janti pana, zinang'aa kama kioo, ungeweza kujipaka poda mbele yake. Shakuru akazishusha, akapima bulo, zikakubali. Tundu la katikati likakubali. Kina, akakunja mdomo kidogo. "Zinatokeza kidogo. Lakini zinaingia." Akazifunga, akainua gari kwa kriki, akazungusha gurudumu kwa mkono, likaenda kimya kama feni. Akalishusha. Akapitisha kidole kati ya pine na ukingo wa chuma juu yake, kidole kikapita.

"Unaona?"

Tuliona. Zilikuwa nzuri mno. Tukatoka pale njia nzima watu wanageuka kutazama, na mimi kiti cha mbele nimenyoosha shingo kama mke wa gavana.

Kosa letu lilikuwa hapo, la sisi watatu, na sidhani lingefanyika mahali pengine. Shakuru amezoea vijana wanaotembeza gari la kispoti na mtu mmoja na muziki. Hakuuliza nani atapanda. Sisi nasi hatukumwambia. Gari la maharusi wa Bujumbura halimbebi bibi harusi peke yake. Wakitoka kanisani kuna bwana na bibi, kuna parène na marène wanaowasimamia, na hakuna familia hapa inayomtafuta marène mwembamba. Inataka mtu aliyejaa, ambaye akisimama kusema neno watu wanaona kweli ndoa hii ina mtu nyuma yake. Ongeza gauni, ongeza maua, ongeza mtoto wa kushika maua ambaye kila mara analia mpaka apakatwe.

Mungu, ambaye namshukuru kwa mambo makubwa na madogo, alituonyesha kosa kabla ya siku yenyewe.

Kwaya yetu ya akina mama iliitwa kuimba kwenye jubilei ya masista huko Kanyosha. Huguette akajitolea kutupeleka baadhi yetu. Tukapanda tumevaa imvutano, vazi letu la heshima lenye kitambaa kirefu kinachofungwa begani, na lina upana wake. Mbele akakaa Bella, anayetuongoza kuimba, mama wa sauti nene na mwili unaolingana na sauti. Nyuma tukabanana mimi, Spéciose jirani yangu, na Consolée, ambaye asili yake ni Bukavu na hajawahi kukaa kimya.

Hatujatoka Bwiza, gari likapanda tuta. Krrr.

"Ni nini hiyo?" Huguette akauliza.

"Ni kiti cha Bella kinaomba musaada," akasema Consolée.

"Kiti kiko kimya," Bella akajibu bila kugeuka. "Sauti imetoka nyuma, kwenye mumekaa watatu."

Tuta lingine. Krrr, ndefu zaidi, na sasa ikaja harufu ya mpira ulioungua. Spéciose akanusa kitambaa chake akidhani ni pasi. Huguette akaegesha pembeni, akashuka miguu mitupu, akainama kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Alikaa ameinama muda mrefu.

Bega la pine lilikuwa limekwanguliwa, uzi wa mpira unaning'inia kama ganda la ndizi. Gari lilishuka kwa uzito wetu, na zile janti nzuri, kwa kuwa zilitokeza nje, zikapeleka pine kwenye ukingo wa chuma.

"Basi," akasema Huguette. Si kwetu. "Basi, nauzisha."

Alikaa kwenye ukingo wa mfereji, na gauni lake zuri. Mimi nikafungua mlango nimfuate, wengine nao wakateremka, na hapo nikaona gari likipanda. Likainuka polepole kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikamwita.

"Huguette, leta kidole chako."

Akaja, akapitisha kidole. Kikapita.

"Spéciose, panda."

Spéciose akapanda. Kidole kikapita kwa shida.

"Consolée."

"Mimi nisiwe wa mwisho, watasema ni mimi nimeharibu," akasema Consolée, lakini akapanda. Kidole hakikupita tena.

Huguette akaniangalia. Akasema, "Shukeni." Wakashuka. "Pandeni." Wakapanda. Watu wa mtaa wakaanza kusimama, mwuza karanga akauliza kama tunafundishwa kupanda gari. Bella akamwambia aendelee na karanga zake. Huguette alikuwa ameanza kutabasamu, kidogo tu, midomo haijakubali bado.

"Hatukukosa pesa, hatukukosa janti," akasema. "Tulipima gari tupu. Mi nabeba watu, halafu nikapima gari tupu."

Jubilei tuliifikia kwa teksi mbili, tukachelewa wimbo wa kuingia, masista wakatusamehe.

Kesho yake tulirudi Buyenzi, Huguette na gari tupu, sisi wanne kwa teksi na imvutano zetu, maana Huguette alituomba tuvae kama siku ile. Shakuru alipoona akina mama tunateremka, akashika kofia.

"Ni nini tena, mumeleta kwaya?"

Huguette akamwonyesha lile bega la pine. Shakuru akaligusa, akatikisa kichwa. "Apana, hapa mi ndiye nimekosa. Kubeba maharusi, na mi nimepima kama gari ya kijana. Dada, zile za kung'aa nazichukua, tutafute zingine." Hakubishana hata kidogo, na hilo nalo naliweka katika shukrani zangu, kwa sababu wapo ambao wangebishana mpaka adhana.

Safari hii hakuangalia rangi. Alitafuta janti ndogo kidogo kuliko zile, yenye kina kirefu zaidi ili gurudumu lijifiche ndani ya gari. Alieleza kwamba janti ikipungua, pine inapata nafasi ya kunenepa, na duara lote kwa jumla linabaki urefu uleule, gari halidanganyiki. Pine nene inameza shimo badala ya kulipeleka kwenye chuma. Akazipata janti za kijivu, hazina maringo, zimekaa nyuma ya zingine. Tundu lake la katikati lilikuwa kubwa kuliko moyo wa gari, akatoa pete ngumu ya plastiki, akaipachika pale ndani ili gurudumu lishike katikati barabara.

"Sasa hata gurudumu linavishwa pete," akasema Bella. "Padri yuko wapi?"

Mapine akatuletea ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa meusi ti, yanameremeta, nikayapenda. Shakuru akanipa miwani yangu iliyokuwa imeanguka, akanionyesha tarakimu nne ndogo ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka yalipotengenezwa. Nikasoma mwenyewe. Yalizaliwa Joëlla akiwa bado anatoka meno ya utoto. Kumbe yalipakwa dawa tu. Shakuru akasema ndiyo maana anaonyesha, hataki lawama mbili kwa ndoa moja. Tukachukua ya pili, yasiyong'aa, ya mwaka uliopita.

"Haya, akina mama, pandeni."

Tukapanda. Shakuru akalala chini kifudifudi. Mafundi wa gereji za jirani wakaacha kazi zao wakaja kutazama mabibi wanne wamekaa ndani ya gari lisilokwenda, mikono juu ya mapaja, kama tunapigwa picha ya pasipoti.

"Mizani ya Buyenzi imefika," akasema mmoja mwenye mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Cheka tu," Spéciose akamjibu dirishani. "Siku ya kuoa utanitafuta niwe marène, na mi nitakuuliza gari yako iko na kina gani."

Wenzake wakampigia makofi Spéciose. Shakuru akapaza sauti toka chini. "Bibi, yumbeni kidogo." Tukayumba. "Tena." Consolée akaanzisha wimbo, tukayumba na wimbo, na Bella akamkosoa sauti. Kidole cha Shakuru kikapita kwenye magurudumu yote, kikapita na nafasi ikabaki. Akainuka, anafuta mikono.

"Mungu ni mukubwa. Hata mukiongeza askofu, haitagusa."

Huguette alizunguka gari mara ya mwisho. Alizitazama zile za kung'aa zimerudi ukutani, nikajua zinamuuma. Kwenye picha, hizi za kijivu hazitasema kitu. Nikamwambia twende nyumbani, tutaona.

Ijumaa mchana, ua wangu ulikuwa umejaa sufuria za ndoa, na wanawake wanazisugua. Nikawaambia wakimaliza sufuria wapitie magurudumu. Huguette akatoka mbio. "Mama, isiwe muchanga, isiwe jivu." Nikamtuliza. Sabuni, maji ya vuguvugu, na kitenge cha zamani kilicholainika. Walizifuta zile janti kama wanavyofuta uso wa mtoto. Hazikung'aa kama kioo. Ziling'aa kama kitu kilichotunzwa, na mimi napenda hivyo zaidi.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi ikaacha. Joëlla alitoka nyumbani kwangu, mlango uleule nilioingilia mimi nikiwa bibi harusi. Mimi nilikuja kwa miguu kutoka kanisani, mume wangu Népomuscène ananishikia mwavuli, viatu vimejaa tope, na tulicheka njia nzima. Sikuwa na wivu. Nilifurahi kwamba yeye anaondoka mkavu. Huguette alimwinamia, akamkunjia gauni lisinaswe na mlango, akampiga pini moja begani, akavua viatu vyake.

Kanisani kulikwenda vizuri. Kutoka, ndiyo ilikuwa shughuli. Parène alikuwa rafiki wa mzee Léonce, mtu mrefu aliyejaa kila upande. Marène hakuwa nyuma yake. Mtoto wa maua akalia, akapakatwa. Nilipanda gari linalofuata, pamoja na Ingrid, na macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu moja tu, la nyuma kushoto. Gari likashuka kwa uzito, likatulia. Nafasi ilibaki.

Mpiga video alikuwa amekaa kwenye buti la gari la mbele, kamera inamtazama Huguette, na yeye ndiye anayeamua njia. Akaamua Nyakabiga. Ingrid akanishika mkono. Kona ya duka la dawa ilipokaribia niliona maji, mapana, yametulia. Kulia kuna mfereji, kushoto kuna pikipiki, hapana pa kukwepa. Jipu la Léonce lilikuwa nyuma yetu, linapiga honi kwa furaha, halijui kitu.

Huguette akapunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Gurudumu la mbele likazama. Gari likainama, maua juu ya boneti yakainama nalo, likakaa chini kidogo, kisha likainuka. La nyuma nalo likazama, na parène na marène na mtoto wote juu yake, likainuka. Hakuna krrr. Maji yakarudi mahali pake. Mkono wa Huguette ukatoka dirishani, ukapunga mara moja kuelekea nyuma, na nilijua ni mimi ninayepungiwa.

"Mama, unalia?" Ingrid akauliza.

"Ni vumbi."

"Mvua imenyesha, Mama."

"Basi ni mvua."

Ukumbini, baada ya maneno ya wazee na vinywaji, mzee Léonce alitoka nje kuvuta hewa akamkuta Huguette ameegemea gari, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nilikuwa nimekaa karibu, napumzisha goti.

"Madamu, ni weye dereva?"

"Ni mimi, muzee."

"Nilikuwa nyuma. Ile shimo ya Nyakabiga, jipu yangu iliruka, nikamwaga maji ya kunywa ku suti. Weye ulipita kama unabeba mayai." Akazitazama zile janti za kijivu. "Binti yangu anafunga ndoa mwezi wa nane. Uko na nafasi?"

Huguette akanitazama kwanza, kisha akavaa kile kiatu cha pili, akasimama urefu wake wote.

"Iko, muzee. Lakini mutaniambia mapema parène ni nani."

Siku hizi Jumamosi unampata kwa shida, mpaka umshike mapema. Jumapili bado anagonga mlango wangu. Na kila pine inapobadilishwa, hata moja, hatoki Buyenzi kabla hajapiga simu: "Mama, uite wenzako, mukuje na imvutano." Tunakwenda. Bella anakaa mbele. Mimi nakaa nyuma, upande wa kushoto, juu ya lile gurudumu, na Shakuru akisema tuyumbe, nayumba.